Malalamiko Kuhusu Udongo Wetu Kuambiwa Umeshiba

Kwa Mheshimiwa Pak Handaru,
Mkuu wa Maabara ya Udongo.

Assalamu alaikum. Naomba barua hii ikukute umeshaswali adhuhuri na umeshakula, maana yaliyomo hayamfai mtu mwenye njaa.

Mimi ni Sumirah, mke wa Pak Darmaji wa kijiji cha Karangwuni. Tuna jaruba moja la mpunga, basi. Cheti chenu kinasema udongo wetu una fosforasi "nyingi mno", kwa hiyo tumefutwa kwenye orodha ya mbolea ya ruzuku, na orodha inafungwa Ijumaa. Miche imedumaa, haitoi hata chipukizi. Bila mbolea hiyo msimu huu hatuvuni kitu. Nalalamika, kwa heshima zote:

1. Mbak Retnaning, bibi shamba wetu, alinieleza kwamba udongo ukifika kwenu hutandazwa, hugawanywa mafungu manne, na mawili hutupwa. Pak, huo ni udongo wa marehemu baba mkwe. Mlipoutupa, kuna aliyesema hata Bismillahi?

2. Uliobaki mliutwanga, mkauchekecha, mkautia kwenye chupa ya tindikali, mashine ikautikisa. Sasa nani asingekiri? Mimi nikitwangwa na kutikiswa namna hiyo nitakiri nina fosforasi, na kuku wa jirani pia nitakiri nimemwiba mimi.

3. Ushahidi wenyewe ni rangi. Eti maji yakikolea bluu, fosforasi ni nyingi. Chai ya wifi yangu imekolea kuliko zote hapa kijijini, na sukari hamna.

4. Hili ndilo linaloniuma. Nilimuuliza Mbak Retnaning kama mashine haikosei. Akacheka, akaniambia, "Bu, mashine haina shamba wala jirani. Imdanganye nani, kwa faida gani?" Nimelitafakari sana neno hilo. Kitu kisicho na jirani hakijui haya, na asiye na haya ushahidi wake haupokelewi popote.

Kwa hiyo naomba cheti kifutwe na mashine ipumzishwe. Wewe mwenyewe uje, uvue viatu, uingie jarubani uusikilize udongo kwa nyayo, kama alivyokuwa akifanya baba mkwe. Ukizama hadi magotini usiogope, tutakuvuta. Nitakupikia tempe ya soya na mchuzi wa nazi.

Nisalimie wote hapo ofisini, na hasa anayeosha chupa, maana wa namna hiyo husahauliwa. Mwenyezi Mungu awape afya na mikono isiyotetemeka.

Mimi katika subira,
Bu Sumirah

Tanbihi: Nimeswali alasiri kabla ya kuifunga barua, na moyo umegoma. Siku ile ya kuchimba udongo wa kuwaletea niliutazama wa jarubani: tope la kijivu, konokono, harufu. Nikaona aibu kuupeleka kwa watu wenye makoti meupe, kwani ugenini mtu hupeleka kilicho kizuri. Nikachota ule mweusi laini wa chini ya banda la bata, uliojaa samadi. Kwa hiyo mashine yenu imesema kweli tupu. Kwenye mfuko huu mna nusu kilo ya udongo wa jarubani, umechotwa sehemu kumi, umekaushwa kivulini. Upimeni vyovyote mpendavyo, mradi jibu lifike kabla ya Ijumaa. Ila cheti cha kwanza msikidai. Pak Darmaji amekitundika sebuleni, na kila mgeni husomewa kabla hajaketi.