Keki Isiyo na Alama

Jumatano, 8 Februari

Siku ya kwanza ya shule. Leo nimeanza rasmi kazi ya baba wa nyumbani. Mke wangu Rosslyn ni daktari wa mifugo. Nusu ya ng'ombe wa kaskazini mwa Tasmania wanamjua kwa sauti. Mimi nilikuwa naibu msimamizi wa barabara katika halmashauri, mpaka nafasi yangu ilipofutwa. Tumekubaliana nijaribu hadi Maonyesho ya Kilimo ya Oktoba. Nikishindwa, nitaingia katika duka la matairi la shemeji yangu Mervyn, na watoto watakuwa wakishinda kwa mama mkwe kila alasiri. Nimewahi kukaa dukani kwa Mervyn alasiri moja. Anapiga miluzi.

Sitashindwa. Nyumba ni kama barabara: inataka mpango. Nimebandika ratiba kwenye mlango wa friji, rangi sita. Saa moja na dakika kumi na mbili, uji. Saa moja na dakika ishirini, meno. Rufus, mwenye miaka minane, aliuliza choo kimo katika rangi gani. Hakikuwamo. Hapo ndipo tulipoanza kuchelewa.

Langoni pa shule tukagundua kofia imebaki nyumbani. Hapa kwetu mtoto asiye na kofia hachezi juani. Huketishwa barazani kama mshtakiwa. Nikapekua gari. Nikapata kifuniko cha sufu cha birika la chai, mali ya mama mkwe. Nikamvika. Saa tisa mwalimu alinirudishia kwa maneno machache: kofia ya shule huwa na ukingo, wala haina tundu la mdomo wa birika. Rufus hakulalamika. Anasema lile tundu lilikuwa likimpepea vizuri.

Jirani yetu Fergus Nankervis aliyaona yote. Yeye naye ni baba wa nyumbani, mwaka wa nne sasa. Watoto watatu, kofia tatu, na moja ya akiba. Aliniuliza kwa upole kama naihitaji ile ya akiba. Nikasema hapana. Upole wa namna ile siupendi.

Jumamosi, 8 Aprili

Kesho Pasaka. Baridi imeanza kubisha hodi. Kuni zangu zimeletwa mbichi, tani mbili. Za Fergus zimepangwa ukutani tangu Januari, kavu, zimenyooka kama vitabu vya maktaba. Nikaamua kukausha zangu katika oveni, kumi kumi. Mpango mzuri. Sikufikiria wadudu waliomo ndani ya magogo. Walitoka wote, wenye miguu mingi na wenye miguu mingi zaidi. Binti yangu Nell, mwenye miaka minne, aliwapa majina. Kisha moshi.

Fergus akaja mbio na mtungi wa kuzimia moto mkono mmoja, na kipande cha keki ya chokoleti mkono wa pili. Eti alikuwa ameshakikata anakuja kututakia Pasaka njema. Rosslyn akakionja. Akafumba macho. Nimeoana naye miaka kumi na mmoja; sijawahi kumfanya afumbe macho kwa chakula changu, isipokuwa leo kwa ule moshi.

Fergus akaeleza, bila kuulizwa, kwamba keki ile ndiyo iliyotwaa utepe wa buluu, wa mshindi wa kwanza, katika Maonyesho ya mwaka jana, Keki ya Chokoleti, Kundi la Wanaume.

Usiku nilimdokezea Rosslyn kwamba baba wa nyumbani mwenye utepe wa buluu hawezi kupelekwa kwenye matairi. Akanitazama. Akasema, "Des, mimi sitaki keki. Nataka watoto wafike shule na kofia, na wakirudi wamkute mtu." Nimemwelewa. Mwanamke hawezi kuomba keki waziwazi.

Jumanne, 4 Julai

Mvua, siku ya tisa. Nguo zimetundikwa kuzunguka jiko la kuni mpaka sebule imekuwa duka la mitumba. Keki ya kumi na nne imetoka leo. Imedidimia katikati. Nell aliijaza maji akasema ni bwawa la bata.

Keki zilizoshindwa nawafungia watoto wale shuleni. Leo nimeletewa barua: mwalimu anaomba, kwa heshima, mtoto Rufus apewe pia kitu ambacho si keki. Nimetii. Kesho atapata tufaha juu ya keki.

Nimemtuma Nell kwa Fergus akacheze na watoto wake, ila afungue macho jikoni. Nilimpa maagizo mafupi: aina ya kakao, moto wa oveni, idadi ya mayai. Alirudi saa kumi na moja. Ripoti yake: wana paka. Paka ana mguu mmoja mweupe. Nikamsisitiza kuhusu keki. Akasema hawakula keki, waliimba. Fergus aliketi sakafuni akaimba nao. Nikamwuliza, mchana kutwa? Akasema ndiyo. Mtu huyu anajificha vizuri kuliko nilivyodhani.

Nell akaniomba na mimi niimbe. Nilikuwa na keki ya kumi na tano motoni.

Alhamisi, 14 Septemba

Majira ya machipuko yamefika, na wanakondoo nao. Rosslyn huondoka alfajiri na kurudi na marundo ya vitambaa vya kliniki vya kufua. Kapu moja la jikoni, kapu moja la kliniki. Ufuaji wangu umechelewa kidogo, tangu Agosti.

Mama mkwe Beryl amekuja. Amekuwa msimamizi wa meza ya keki kwenye Maonyesho kwa miaka thelathini na mmoja. Hahukumu, anaweka keki mezani, anashika daftari na kuwatisha watu. Nilimkatia kipande cha keki ya ishirini na tatu nikamwomba ushauri. Alitafuna muda mrefu. Akasema hakutarajia ladha ile. Kwa mama mkwe, hizo ni pongezi. Kisha akaigeuza ile keki chini juu akaonyesha kwa kidole. Mistari ya wavu wa waya ninaopozea keki.

Akasema, "Mkwe, ladha si kitu. Jaji huanza kwa kutazama chini. Akiona alama ya waya, ndiyo basi." Akanisimulia habari za mama mmoja aliyeshindwa kwa mstari mmoja tu mwaka wa themanini na saba. Hakumwamkia jaji tena. Jaji alipofariki alikwenda mazishini, akakaa nje ndani ya gari.

Nikauliza basi watu hufanyaje. Hutandika kitambaa juu ya waya. Jambo dogo kama hilo! Fergus anakuja kwangu karibu kila wiki na hajawahi kulitaja. Rosslyn anasema sikumwuliza.

Alhamisi, 5 Oktoba

Kesho Maonyesho. Kesho ndiyo hukumu ya mwaka mzima. Mervyn amepiga simu kuniuliza saizi yangu ya ovaroli. Nimekata.

Watoto wako likizo. Walinizunguka tangu asubuhi wakitaka niwasaidie kutengeneza kitu chao cha Maonyesho. Niliwapa kapu la viazi, kisu cha plastiki na vijiti vya meno, nikafunga mlango wa jikoni.

Saa nane keki ikatoka. Ya thelathini na moja. Imeumuka sawasawa, haina ufa. Nikatafuta kitambaa. Vya jikoni vyote vichafu. Katika kapu la pili nikapata kimoja kizito, kikavu, kimefumwa kwa miraba midogo midogo. Nikakitandika. Nikaigeuzia keki juu yake kwa mikono miwili, kama mtu anayelaza mtoto mchanga.

Rufus aligonga mlango kuniuliza viazi viwili vinaweza kushikana vipi. Nilimwambia: "Baadaye."

Ijumaa, 6 Oktoba

Naandika nikiwa nimetulia kabisa.

Utepe wa buluu: shemeji Mervyn. Hajawahi kuoka maishani mwake. Alisoma maelezo nyuma ya kopo la kakao. Wa pili, Fergus, aliyempa mkono na kucheka naye kana kwamba hakuna lililotokea. Mimi, kadi nyeupe: "Ladha nzuri sana. Alama za waya upande wa chini. Hakuna nafasi."

Waya! Nikaigeuza. Kweli kulikuwa na miraba midogo, chapa ya ule ufumaji. Lakini kitambaa si waya. Mtu mwenye haki hanyamazi. Nikaandika pingamizi, nikamkabidhi mama mkwe. Aliniuliza kwa sauti ya chini, mara mbili, kama nina hakika. Nikasema nina ushahidi garini.

Umati ukakusanyika. Jaji, Bi Cattermole, alifika akiwa bado ameshika uma. Nikakikunjua kitambaa mbele ya watu. Nikakilinganisha na keki, mraba kwa mraba. Vikalingana. Bi Cattermole akavaa miwani, akakagua, akakiri hadharani kwamba amekosea: ni kitambaa. Watu wawili walipiga makofi. Ilikuwa dakika bora kabisa ya mwaka wangu.

Mama mkwe akashika ncha ya kitambaa. Kulikuwa na maandishi ya wino, mwandiko wa binti yake. Akasoma kwa ile sauti yake ya kutangaza washindi: "Kliniki. Cha kufutia wanakondoo tu, wakizaliwa."

Nilieleza kwamba kilikuwa kikavu. Mama mkwe akauliza kama kilikuwa kimefuliwa. Nikasema swali hilo halimo katika pingamizi. Rufus, aliyekuwa pembeni, akasema hapana, kilikuwa katika kapu la vichafu. Bi Cattermole akaweka uma chini. Akaomba maji. Kisha akaomba mengine. Jina langu limepigwa mstari katika daftari kwa rula.

Mervyn akanishika bega. "Usijali, kaka. Matairi hayaliwi."

Nilimtafuta Rosslyn nione sura yake. Hakuwepo kabisa kwenye meza ya keki. Nilimkuta katika banda la watoto, meza ya wanyama na watu wa mboga. Kati ya mamba wa karoti na kobe wa kabichi alisimama mtu mnene wa viazi viwili, amefungwa aproni ya karatasi, mdomo wa pilipili nyekundu umepinda chini. Miguuni pake viazi vidogo viwili vimemwegemea. Kadi ilikuwa ya mwandiko wa Rufus: "Baba. Ameikasirikia keki, si sisi." Kazi yao ilipata nafasi ya tatu.

Rosslyn alisimama pale muda mrefu. Nikamweleza kwamba aproni yangu halisi ni ya buluu. Akasema ninyamaze kidogo.

Jumapili, 8 Oktoba

Hukumu imetoka mezani, wakati wa chakula cha mchana. Nilikuwa nimeandaa utetezi wa kurasa tatu. Rosslyn hakuutaka.

Akasema mwaka juzi, nilipokuwa bado halmashauri, Rufus aliambiwa shuleni achore familia yake. Alichora mama, dada, na mlango. Mwalimu alipouliza, akasema baba yuko upande wa pili. Rosslyn hakuwahi kunionyesha karatasi ile. "Mwaka huu una uso," akasema. "Umenuna, lakini ni uso. Endelea kubaki nyumbani, Des."

Nilijifuta macho kwa aproni. Nadhani ni kiazi; kilikuwa cha moto.

Akaweka sharti moja tu. "Sitaki mashindano mengine," akasema. "Saa tisa watoto wakitoka shule, wewe ni wao." Nikakubali kwa moyo wote. Nilimpigia Mervyn mwenyewe kumwambia ovaroli ampe mwingine. Akapiga mluzi. Alasiri niliketi sakafuni na watoto tukaimba. Nell anasema sauti yangu ni ya ng'ombe, na ng'ombe anawapenda. Sijawahi kuwa na alasiri kama ile. Nimewaahidi itakuwa hivyo kila siku.

Jumanne, 17 Oktoba

Shule imefunguliwa jana. Watoto walifika kwa wakati, wamevaa kofia.

Langoni nimesoma tangazo. Kamati ya Wazazi inachagua mwenyekiti mpya mwezi ujao. Jina moja tu limeandikwa: Fergus Nankervis. Bila mpinzani. Shule nzima ikabidhiwe kwa mtu mmoja kwa sababu tu anajua kuimba?

Hili si shindano. Uchaguzi ni wajibu. Nimeandika jina langu chini ya lake kwa herufi kubwa kidogo. Mikutano ya wazazi hufanyika alasiri, na itabidi nipite nyumba kwa nyumba nikiwaeleza watu maana ya baba aliyejitolea kwa watoto wake.

Nimempigia simu mama mkwe. Aliniuliza kama naumwa. Nikamwambia sijawahi kuwa mzima hivi. Atawachukua watoto Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, saa tisa hadi saa kumi na mbili, mpaka siku ya kura. Kazi ya baba wa nyumbani haifanyiki sawasawa watoto wakiwa nyumbani.