Picha Saba za Maji ya Moto

Jumamosi, 5 Julai 1952

Barua kutoka Siyu! Ya Famau, niliyesoma naye chuoni, mkeka mmoja, ubao mmoja, bakora moja. Anakuja Amu Ijumaa kumuozesha mjukuu wake. Kaandika kwamba atalala kwa jirani yangu Kamaludin, kwa kuwa magoti yake hayastahimili tena maji baridi, na Kamaludin ameahidi kumchemshia. Kisha haya, nayanakili kama yalivyo: "Wewe usijisumbue, ndugu yangu. Hali naijua."

Hali naijua! Kaijulia wapi?

Miaka thelathini na moja imepita tangu niihame Siyu. Siku ile Famau alisimama pwani akawaambia watu kwamba nitarudi kabla ya mahindi kukauka. Sikurudi. Nimeishi hapa kwa kalamu yangu, nikiwaandikia watu barua na kunakili vitabu, wala sijamuomba mtu wa Siyu hata wino. Sasa alale nyumba ya pili, asikie kikohozi changu ukutani, kisha arudi kwetu akaseme: Bwanamkuu? Nimemwona, masikini.

Haiwi. Famau ataoga kwangu, kwa maji ya moto, na Siyu nzima itapata habari.

Baada ya Alasiri. Shauri limepatikana! Gharib, nahodha wa Ras Kitau, ameachiwa na mzungu wake mtambo wa kuchemshia maji. Hauli kuni. Unakula mafuta ya taa. Tumebadilishana: mimi mtambo, yeye kiti cha enzi cha marehemu baba, kile cha mpingo, kitu pekee nilichotoka nacho Siyu. Mke wangu Mwanamkisi alikwenda kupafagia mahali kilipokuwa kiti. Alipafagia muda mrefu.

Jumapili, 6 Julai

Mtambo umefika. Hamali wanne, na ngazi zetu nyembamba. Jiko letu liko darini, basi umepandishwa huko. Ni pipa nene la chuma lenye kidirisha cha kuchungulia moto. Tangi la mafuta liko ubavuni. Bomba moja lashuka mpaka birika ya chooni. Dohani ya bati imetoboa ukuta na kutokea upande wa Kamaludin.

Gharib alianza kuniambia kwamba kuna jambo moja tu la kukumbuka, kabla ya lolote. Nikamkatiza. Mtambo una kijitabu chake. Mtu aliyesoma nahau, mirathi na elimu ya nyota hafundishwi na nahodha. Akasema haya, Bwana, akaenda zake kukikalia kiti changu.

Hatari ni moja: dohani. Kamaludin akiiona tu, ataagiza mtambo mkubwa zaidi kutoka Mombasa. Ndivyo alivyofanya kwa karabai. Nilinunua moja, akanunua mbili, akaziwasha mchana. Basi nimepanda ukutani nikaivika dohani gunia, nikalifunga kamba mara tatu. Gunia nimelikuta hapohapo juu ya ukuta, halina mwenyewe. Kazi safi! Hata kunguru hatambui.

Jumatatu, 7 Julai

Kijitabu ni cha Kiingereza, lugha nisiyoisoma. Lakini kina picha saba katika safu moja, na picha hazina lugha. Nimezisoma kutoka kulia, kama kitabu chochote chenye akili.

Picha ya kwanza: mzungu amekaa ndani ya maji, anatabasamu. Hii ilinitatiza. Nikatafakari mpaka kahawa ikapoa. Kisha nikafahamu. Ni nia! Kila amali huanza na nia. Hawa watu wana elimu kuliko tunavyowadhania. Nikajaza beseni la kufulia, nikaketi ndani, nikatabasamu. Maji ya kusi, subhanallah, yalikuwa visu. Mwanamkisi akapita na ufagio, akauliza nimepatwa na nini. Nikamwambia kazi imeanza.

Picha ya pili: anafungua bilula, maji yanatoka na mvuke. Nikafungua. Hayakutoka maji wala mvuke. Ya tatu: anachungulia moto kidirishani. Nikachungulia nusu saa. Ya nne: anawasha kibiriti. Ya tano: anafungua mafuta. Ya sita: anaujaza mtambo maji. Nimeujaza, ndoo kumi na moja, kwa mgongo wangu. Ya saba: kapanda juu ya paa, anaivua dohani kofia yake.

Hiyo ya saba ni ya mwisho, bila shaka ni adabu ya kumaliza kazi. Sijafika huko.

Jumanne, 8 Julai

Nimegundua mwenyewe kwamba mafuta hutangulia na kibiriti hufuata. Mchoraji alikosea. Nikawasha, ukatoka ulimi wa buluu mzuri ajabu! Mtambo ukakohoa. Ukatema moshi mweusi kidirishani. Ukazimika.

Nimewasha mara nane. Mara nane umekohoa. Kanzu yangu ni ya mwashi wa chokaa kwa nyuma na ya mchoma makaa kwa mbele. Mikate ya mofa ya Mwanamkisi imepata masizi. Tumeila kwa kufumba macho.

Shaka yangu ya kwanza: mafuta yana maji. Nimeyachuja kwa kilemba changu cha Idi. Hakuna tofauti, ila kwa kilemba.

Mwanamkisi kasema moshi ukiingia ndani maana yake hauna ndia ya kutokea nde. Nimemwambia mambo ya mitambo hayaendi kwa akili ya mafiga. Akasema yeye kapika miaka arubaini juu ya hayo mafiga na hajawahi kulishwa masizi. Wanawake hawapendi maendeleo.

Jumatano, 9 Julai

Shaka ya pili: mdomo wa moto umeziba. Nimeuchokoa kwa sindano ambayo Mwanamkisi anashonea kofia ya bwana harusi. Sindano imekatika ndani. Sijamwambia.

Shaka ya tatu: bomba la mafuta lina upepo. Nikalivuta kwa mdomo. Upepo ukatoka, kweli, na mafuta yakafuata, na mengine nikayameza. Tangu wakati huo nacheua taa. Adhuhuri msikitini Kamaludin akanusa, akaniuliza mbona nanuka mafuta. Nikamwambia siku hizi nasoma sana.

Yeye naye ana msiba wake. Kaibiwa gunia tupu la mbata alilolianika ukutani. Anamshuku mkewe, Bi Hindu, kwamba kalitoa sadaka bila kumuuliza, na tangu Jumapili hawasemezani. Nikampa pole. Mtu ana nyumba tano mjini, analilia gunia!

Dohani yangu iko salama. Imefungwa mara tatu. Siri haijavuja.

Alhamisi, 10 Julai

Kamaludin kalitoa sufuria lake kubwa la shaba barazani, kalisugua kwa ndimu na jivu mpaka linaumiza macho. Kila apitaye huuliza, na kila aulizaye huambiwa: la Mwalimu Famau hilo, wa Siyu, mgeni wangu. Mimi nimepita mara tatu sikuuliza.

Mtambo umekohoa mara kumi na nne. Mimi mara ishirini, kwa ajili ya lile beseni la Jumatatu.

Mwanamkisi kawahamisha samaki wa birika, wale wadogo walao viluwiluwi vya mbu, kawatia mtungini. Kasema maji ya moto yakija yatawapika. Nimemwambia nafurahi kuona ana imani na mtambo. Akasema imani na mtambo hana, lakini mimi ananijua.

Nikiri kweli: leo niliogopa. Nilikaa mahali palipokuwa kiti cha baba, sakafuni, nikawaza Famau akiingia hapa. Ataona nini? Vitabu, mkeka na mzee mwenye masizi masikioni. Ataangalia mara moja tu. Famau alikuwa mwepesi wa kuona hata utotoni.

Ila mtu hafi kwa kuogopa. Nimempelekea Kamaludin habari kwamba mgeni atafika baada ya Alasiri. Mgeni atafika asubuhi. Alimradi na mimi si mtoto.

Ijumaa, 11 Julai

Ushindi! Ushindi! Nitaandika kwa utaratibu.

Saa tatu asubuhi nilikuwa gatini peke yangu. Famau kashuka na bakora. Kawa mdogo. Nilimkumbuka mrefu. Aliuliza Kamaludin yuko wapi. Nikasema tutamwona, lakini leo ni Ijumaa na josho la Ijumaa halingoji, na kwangu maji ya moto yako tayari. Hayakuwa tayari.

Kaingia ndani, kaangaza macho. Swali lake la kwanza: kiti cha mzee ki wapi? Nikamwambia kimevuka Ras Kitau, kubadilisha hewa. Akatazama pale palipofagiwa. Akaketi mkekani, magoti yakilia kama mlango. Mwanamkisi akamletea kahawa, nami nikapanda darini mbio.

Nikawasha. Ukakohoa, ukazima. Nikawasha tena. Ukazima. Kutoka chini nikamsikia Famau akiita: "Bwanamkuu wee! Hata ya mtungini yatatosha! Imamu hatatungojea!" Na Mwanamkisi akijibu kwamba mtungini mna samaki.

Hapo ndipo Mwenyezi Mungu alinifungulia. Niliutazama mtambo, nikaona kosa ambalo mtu mwingine yeyote asingeliona. Ulikuwa umegeukia kusini. Umeipa Siyu mgongo! Mtambo gani utamchemshia maji mtu wa Siyu na huku umeupa mji wake mgongo? Nikaukumbatia, nikausukuma uelekee kaskazini, kadiri bomba lilivyoruhusu, kama vidole vinne. Nikasoma Fatiha. Nikashika kibiriti.

Wakati huohuo, upande wa pili wa ukuta, Kamaludin alianza makelele. "Gunia langu! Hindu, ndoo hapa uone! Limefungwa mara tatu kama maiti!" Nikasikia kamba zikikatwa na bati likigongwa. Watu wengine hawajui wakati wa kunyamaza.

Nikatia moto. VUUUU! Moto ukasimama wima! Hakuna kikohozi, hakuna moshi, buluu tupu kama mbingu ya kaskazi. Vidole vinne tu! Wahandisi wa Ulaya hawakuliona hilo.

Maji yakashuka. Mvuke ukatoka chooni mpaka ukumbini. Famau akaingia na kata yake, na kwa muda mrefu sikusikia ila maji yakimwagwa na sauti yake akisoma polepole.

Alipotoka, kaketi bila magoti kulia. Kisha akasema: "Bwanamkuu, haya ni maji ya kisima cha kwenu. Wakumbuka?"

Nakumbuka. Kisima cha mnazini, nyuma ya nyumba ya baba. Alfajiri, nti yote ikiwa baridi, ndoo ilipanda na maji ya vuguvugu kutoka chini ya ardhi, na sisi wawili tukimwagiana kabla ya kwenda chuoni. Miaka thelathini na moja sijamtajia mtu kisima kile. Hapa hakuna anayekijua. Nilitaka kumjibu, lakini masizi yalikuwa yameniingia machoni.

Tukawahi sala, safu ya kwanza.

Baadaye nilipanda nitimize adabu ya picha ya saba. Dohani nikaikuta wazi! Gunia halipo. Limeibwa. Nimeanza kumshuku Kamaludin.

Jumamosi, 12 Julai

Famau kalala kwangu! Kamaludin kaja jana jioni, gunia kwapani bila haya, kumchukua mgeni wake. Famau kamwambia magoti yake yameshachagua. Sufuria la shaba limerudishwa ndani. Nimesikia kwamba Bi Hindu kapika pilau ndani yake, na kwamba mumewe kamtaka radhi mbele ya jirani. Basi hata huko nimeleta heri.

Leo baada ya nikahi, tukinywa kahawa barazani, watu thelathini, Famau akasema kwa sauti: "Bwanamkuu hana pa kumketisha mgeni, lakini mgeni wake hapati baridi." Watu wakacheka sana. Nimelipima neno lile tangu Magharibi. Nusu yake ni sifa na nusu yake ni samani. Sifa imekuja mwisho, na katika balagha cha mwisho ndicho kizito.

Kisha watu kumi na wawili wamepanda kuuona mtambo. Kamaludin wa kumi na tatu. Kauzunguka mara mbili, akauliza kama huko Mombasa inapatikana. Nilijua!

Jumapili, 13 Julai

Famau kaondoka. Kaoga mara tano katika siku mbili. Gatini alinishika mkono, akasema akifika Siyu atawaambia kwamba habari ya mahindi alikosea.

Nimerudi nyumbani kwa ndia ndefu.

Jumatatu, 14 Julai

Gharib kaja kutazama mtambo wake wa zamani unaendaje. Kakiri kwamba kiti ni kizuri lakini kinamuumiza mgongo, huenda tukazungumza. Kisha akaitazama dohani, akafungua kinywa kuniambia lile jambo lake moja. Nikamkatiza. Mtu ambaye Siyu nzima inamtaja leo hafundishwi na nahodha.

Nimekisoma kijitabu upya, kwa utulivu, na nimegundua upungufu mmoja katika kazi yangu ya Ijumaa. Picha ya saba inasema kofia ya dohani ivuliwe mwisho. Ili ivuliwe mwisho, sharti iwepo mwanzo. Hilo ni hesabu. Nimenunua gunia jipya, la mkonge, zito. Nimelikunja mara mbili nikaivika dohani, nikalifunga mara saba, na Kamaludin hataliweza hata kwa shoka.

Nimewasha. Umekohoa, ukatema moshi, ukazimika.

Sibabaiki. Mtambo umeshaelekea Siyu, kwa hiyo kosa haliko kwenye mtambo. Kosa liko kwenye nia. Nimemwomba Mwanamkisi beseni. Kauliza tena? Nimemwambia tena, kutoka kulia.

Maji ni baridi sana. Natabasamu.