Doti Mbili za Jina la Mchele

Swali lako nimelisikia, Mama Ketrina, wala huna haja ya kulirudia kwa sauti hiyo. Jina la mchele wetu liko wapi? Ndiyo, swali limepokelewa, Katibu wangu Mika ameliandika, na litajibiwa kwa mujibu wa utaratibu, ila kikao cha heshima hakianzi na majibu, kikao kinaanza na itifaki. Zimeni hiyo mashine ya kukoboa tusikilizane.

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Muda ya Kuutafutia Jina la Mtandaoni Mchele wa Mpemba, ambaye ndiye mimi, Andongwisye. Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye amepata udhuru na hivyo namwakilisha mimi. Ndugu Katibu Mika, kaa vizuri. Mama Ketrina, kiongozi wa kikundi cha kina mama wauza mchele. Kina mama wenyewe, wanene kwa wembamba. Binti Brenda wa stationari, mmiliki wa kompyuta. Ndugu zetu wafugaji mliopanda huku juu na mpunga wenu kutoka bondeni. Madereva wa malori mliochoka foleni ya mpakani mkaona mje mpumzike hapa. Na majirani zetu wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, mulishani mukwai, yaani hamjambo! (Vigelegele viwili. Kimoja kinakatishwa.)

Itifaki imezingatiwa.

Ndugu wananchi, mwaka huu wa elfu mbili na kumi na tatu dunia imekuwa kijiji, na mimi nimekizunguka kijiji hicho chote kwenye kompyuta ya Brenda, kwa dakika kumi na tano za kulipia, mji wetu huu wa Mpemba sikuuona. (Makofi ya Mika.) Mnamkumbuka yule mnunuzi wa Ndola, kule Zambia, aliyekula ubwabwa wa Mama Ketrina mpaka akaomba ukoko, akasema magunia mia mbili nachukua, ila bosi wangu lazima awaone kwenye intaneti, na Ijumaa akifungua akawakosa, tunachukua kwa wengine. Ijumaa ni keshokutwa. Nalijua hilo, Lwitiko wewe wa mashine ya kukoboa, teremsha hivyo vidole viwili.

Sasa Kamati, kwa kuzingatia unyeti wa suala, na kwa kushirikisha mastekiholda wote wawili, yaani mimi na Mika, iliingia fildi kufanya upembuzi yakinifu wa kumpata msajili. Msajili ni nani? Msajili ni mtu unayemlipa kila mwaka, jina la websaiti linakuwa lako, hakuna mwingine duniani wa kulitumia. Tulitaka msajili wa uhakika na wa bei nafuu, na tulichuja wasajili watatu kwa ubora wa asilimia mia na ishirini. (Sauti: “Hiyo ishirini umeitoa wapi?” Kicheko.) Hiyo ni riba ya bidii.

Msajili wa kwanza tulimfuata Vwawa, bomani, mlango ulioandikwa Msajili, kwa herufi kubwa kabisa. Nikamwambia dada wa dirishani, tumekuja kusajili jina. Akatoa fomu, akauliza, mtoto amezaliwa lini? Nikajibu amevunwa mwezi wa sita. Akauliza uzito. Nikasema magunia mia mbili. Akamwita mlinzi. (Kicheko kirefu. Dereva mmoja anapiga honi ya mdomo.) Cheka, lakini safari ile imetujengea uzoefu.

Msajili wa pili tulimpata kwenye tangazo lililobandikwa nguzo ya umeme, “Jina la websaiti, mwaka mzima bure.” Bure! Nikamwambia Mika, huyu ni mzalendo. Tukamwendea Brenda kumpa taarifa, siyo kumwomba ushauri, naye akauliza, mwaka wa pili je? Tukampigia mzalendo. Akasema mwaka wa pili mtaujua mkifika. Brenda akasema huyo mwaka wa pili atawapandishia mara kumi, na mkitaka kuhama na jina lenu hawaachii. Tena jina analiandikisha kwa jina lake, siyo lenu. Nikamwambia, binti, una wivu wa maendeleo. (Mama mmoja: “Binti ana akili!” Makofi mengi. Mwenyekiti anayapokea.) Asanteni, asanteni, nastahili.

Msajili wa tatu Brenda alitutafutia mwenyewe. Yumo kwenye orodha ya wanaotambulika, ukipiga simu anapokea, bei ya mwaka huu na ya mwaka ujao kaiandika waziwazi, na ukitaka kuondoka anakuachia. Lakini ana maswali! Mwenye jina ni nani, namba yake ya simu ipi, imeili inayofanya kazi ipi, pasiwedi atakaa nayo nani. Mtu mwadilifu anauliza hayo yote? Halafu nikamuuliza kama ofisi yake ina pazia, akacheka. Kwenye vigezo vyangu pazia lina alama arobaini. Tukamkata.

(Lwitiko: “Kwa hiyo mmemchagua nani?”)

Lwitiko, usiirukie ajenda. Tuje kwenye jina lenyewe. Majina ya mtandaoni hayaachi nafasi, maneno yanabanana kama kina mama hapo kwenye benchi. “Mchele wa Mpemba” likaandikwa kwa mkupuo, Mika akalisoma kwa sauti pale stationari, “Mchelewa Mpemba.” (Kicheko. “Ndiyo wewe!” “Amechelewa tangu mwezi uliopita!”) Sikasiriki. Kiongozi hupachikwa majina.

Brenda akaendelea kutusomea, kwa faida yetu, jina kamili: mchele wa Mpemba, doti ko, doti tiizedi. Na hapa naomba mnisikilize kwa huruma, maana mimi nimezaliwa Tunduma, nimekulia kwenye vitenge, na kwetu doti ni doti. Nilihesabu. Doti Ko, moja. Doti Tiizedi, mbili. Nikajua mitambo ya kule mjini ina mama mkubwa anayesimamia, na kwake mkono mtupu hauingii. Nikarudi kwenu kwa unyenyekevu nikasema, kina mama, usajili unadai doti mbili, vitenge vya Kongo, visiwe vya kuchuja. Mkachanga. Mkanikabidhi. Mkapiga vigelegele. Mama Ketrina akasali.

(Mama Ketrina: “Andongwisye, baba, hiyo doti ya Brenda ni kinukta. Kinukta! Cha kalamu! Vitenge vyetu viko wapi?”)

Mama, nimeelimishwa jana. Kwa kuchelewa, lakini nimeelimishwa. Kinukta. Kitu kidogo kuliko punje ya chenga. Nani angefikiri?

(Brenda, akiwa na simu mkononi: “Mwenyekiti, nimeangalia sasa hivi. Hilo jina hakuna aliyelisajili. Si nyie, si mtu mwingine. Liko wazi.”)

Mmesikia! Liko wazi! Hayo ni matunda ya usiri wa Kamati! Mwezi mzima tumelilinda jina lisichukuliwe, kwa kutomwambia mtu yeyote, hata msajili! (Kelele. Ungo unarushwa. Mika anahamia upande wa kina mama.) Mchele! (“Oyee,” kwa unyonge.) Kinukta! (“Oyee!” kwa nguvu.) Mwenyekiti! (Hakuna kitu.)

Kwa niaba ya Mgeni Rasmi nawashukuru kwa kuuamini mradi huu, ambao kila kitu chake kimekamilika isipokuwa kuwepo.

Sasa tuongee dili, mimi na nyinyi, bila itifaki. Doti Ko hii hapa mfukoni, haijakatwa, harufu ya dukani bado inayo. Mpeni Brenda aiuze hapo barabarani, jioni hii hii amlipe yule msajili wa tatu, yule wa maswali. Jina liandikwe la kikundi. Pasiwedi akae nayo Mama Ketrina, mimi nikiiomba msinipe, hata nikilia. Brenda atawatengenezea ukurasa mmoja, na Ijumaa bosi wa Ndola atawaona.

Ila Doti Tiizedi, jamani, mke wangu ameshaishona. Gauni na kilemba, na vimempendeza kweli. Siwezi kulifumua hilo gauni nikabaki na ndoa. Basi mnikubalie hivi: kesho aje hapa amelivaa, ashike ungo wa mchele, Brenda ampige picha aiweke mbele kabisa. Bosi akifungua auone mchele wa Mpemba, na doti tiizedi imesimama pembeni inatabasamu. Nami nabeba magunia yote mia mbili kuyapandisha lorini, kwa mgongo wangu, bure, na hii siyo bure ya mwaka wa kwanza.

Anayekubali anyooshe mkono. Mama Ketrina, huo ni mkono au ni mwiko?