Kompyuta Yasema Ni Januari

Jumatatu, 9 Juni
Leo dada kamwita fundi, na fundi ni mimi, si mumewe. Naandika mapema isije ikasahaulika. Kompyuta yao kuukuu, ile ya kukunja, kila ikichomolewa umeme huamka ikidai ni Januari mosi, miaka kumi na sita iliyopita. Mpwa wangu, binti wa dada, anajaza humo fomu ya chuo cha uuguzi. Mwisho Ijumaa, saa kumi na moja jioni. Fomu hupiga hesabu ya umri kwa tarehe ya kompyuta. Imemwambia ana miaka miwili, hajafikisha umri wa kusomea uuguzi!

Nikawaambia ni betri ya saa, kitu kidogo kama kifungo cha koti. Niliwahi kubadilisha moja melini, tena meli inatembea, nahodha akalia machozi. Shemeji akauliza meli gani. Nikaomba bisibisi. Mpwa akasema angeweza kuandika tarehe kwa mkono, dakika moja tu. Nikamkataza asiiguse. Kazi za kulipualipua sizitaki.

Jumanne, 10 Juni
Nimeifungua. Skrubu kumi na nne, nikazipanga kwenye sahani. Dada kaosha sahani. Tumeokota tisa.

Betri imevikwa plastiki nyeusi, ina nyaya mbili. Ya melini haikuwa na nyaya. Au ilikuwa nazo? Nikavuta. Zikang'oka zote. Mimi niliacha shule darasa la sita kwa sababu walimu walikuwa wameishiwa cha kunifundisha, ila kwenye nyaya nadhani hawakuwa wamefika.

Muuza vipuri kasema betri ya namna hii huagizwa, wiki mbili. Mpwa kasikia, kaenda kukaa uani peke yake.

Jumatano, 11 Juni
Akili! Rimoti ya gari la shemeji ina betri ileile ya kifungo. Ufunguo ulikuwa mezani, mwenyewe yumo bafuni anaimba. Nimetwaa nzima, nikamwekea ile mfu. Hakuna aliyedhulumiwa: kila mtu ana betri.

Nyaya nimezibandika kwa plasta ya kidonda. Nikawasha. Januari mosi! Nikazigeuza. Januari mosi! Mpwa akachungulia, akauliza, mjomba, tumefika mwezi wa ngapi? Nikamwambia tunasogea.

Shemeji kachelewa kwenda kazini. Rimoti imegoma, kafungua kwa ufunguo mtupu, king'ora kikalia mpaka majirani wakatoka nje. Nikamwambia gari lake lina unyevunyevu.

Alhamisi, 12 Juni
Sielewi. Betri nzima, kompyuta inaamka vizuri, Januari ileile. Betri hii imekaa kwenye gari mwaka mzima, imetembea kila siku, inakosaje kujua tarehe?

Nimepata jibu: ni betri ya Januari! Nikaenda kwa muuza vipuri nikaomba ya Juni. Akaniomba nirudie maneno hayo mbele ya wenzake. Nikarudia. Watu wasio na elimu hucheka ovyo.

Dada hanisemeshi. Mpwa hajala.

Ijumaa, 13 Juni
Saa kumi na robo shemeji kaingia. Fundi wa funguo kafungua rimoti, kakuta betri ina gundi na plastiki nyeusi, kamuuliza kama gari lake ni kompyuta. Shemeji kaja mpaka nilipokaa. Kanyoosha mkono tu. Nikampa betri.

Basi, nikasema, imekwisha. Mpwa akafuta machozi, akaja, akasema, shikamoo mjomba, lakini toka hapo. Akachomeka umeme. Betri ya saa hamna kabisa! Akabonyeza pembeni ya kioo, akaandika Juni, akaandika mwaka. Fomu ikasema miaka kumi na minane. Akatuma. Saa kumi na dakika hamsini. Jibu likaja: imepokelewa.

Dada kamkumbatia binti, kisha kamkumbatia shemeji. Shemeji kafanya nini? Aliyeifungua kompyuta kitaalamu ni nani? Na ile Juni imetoka wapi, ikiwa betri haimo? Nimeuliza mara mbili. Wamenipa chai.

Alhamisi, 1 Januari
Ndivyo kompyuta inavyosema, na sibishani na mashine. Dada kanipa niende nayo kwangu, akanisisitiza nisiirudishe. Heshima hiyo!

Nimeichomeka. Kuna nafasi ya msimamizi wa ghala, umri usizidi arobaini. Mimi nina hamsini na mitatu. Nimejaza fomu. Kompyuta imepiga hesabu yenyewe, sikuishika mkono: thelathini na saba. Nimetuma. Wakiniita na kuuliza mvi hizi ni za nini, nitawafungulia kompyuta wajionee.