Babu wa Mnadani katika Klabu ya Wakweka

Jumatatu, 5 Machi 1962
Darlington, Uingereza. Mvua. Klabu itaadhimisha kuasisiwa kwake mwezi ujao, na kamati imeamua: mzao wa mwasisi yeyote atapewa kile kiti cha ngozi kando ya moto, maisha yake yote. Kiti cha ngozi! Mimi nakaa mlangoni, upepo unanipiga mgongoni tangu vita viishe.
Tatizo: waasisi walikuwa Wakweka, wale Wakristo wanaoitana “Rafiki”, wauza sufu, watu wasiokunywa, wasiobeba silaha, wasiosema uongo. Babu zangu waliuza pombe. Lancelot Wragg, daktari wa meno mstaafu na adui yangu, anadai nyanya yake alimpikia mwasisi uji. Uji! Huo nao ni ukoo?

Jumanne, 6 Machi
Nimetoka mnadani Gateshead na picha ya mzee mwenye uso mzito. Nimempa jina la ukoo wangu: Jeremiah Orde, mwasisi, babu wa babu yangu. Kasoro ndogo: ana upanga kiunoni na glasi ya mvinyo mkononi. Nimeshinda na brashi. Upanga sasa ni mwavuli. Glasi ni kikombe cha kakao. Mke wangu Winifred akauliza kwa nini mzee anaumwagia mwavuli kakao. Hana jicho la sanaa.

Alhamisi, 8 Machi
Nimempeleka Jeremiah klabuni. Bibi Dorcas Pim, karani wetu, Mkweka kwelikweli, alimtazama kwa muda mrefu. Akasema kwa upole kwamba Wakweka wa zamani waliona kuchorwa ni majivuno. Ilikuwaje huyu akakubali? Nikasema hakukubali. Alichorwa usingizini.
“Usingizini, macho yamemtoka hivyo?” akadakia Wragg. “Na mwavuli kiunoni?”
Nikamjibu kwamba ukoo wetu wote hulala hivyo. Wragg akaugusa mwavuli. Rangi mbichi! Akajifutia kidole kwenye koti langu, mshenzi yule.
Bibi Dorcas amesema tutaamua Jumamosi, Kikweka: hakuna kura. Watu hukaa kimya mpaka mmoja aguswe moyoni, asimame, aseme.

Jumamosi, 10 Machi
Mkakati: nisiguswe. Ninyamaze mpaka njaa iwashinde, wanipe kiti waende kula. Nilikunywa uji mabakuli mawili. Kumbe Wragg naye kaja na mkakati uleule, kashiba hadi anahema.
Kimya. Kimya kabisa. Harufu ya kondoo wa kuoka ikaanza kupenya kutoka jikoni. Hakuna aliyetikisika. Mguu wangu wa kushoto ukafa ganzi. Nikasimama kuunyoosha.
Balaa! Nyuso zote zikanigeukia. Nilitaka kusema “mguu.” Kikatoka: “Nilimnunua Gateshead!” Kwa hofu nikaendelea: upanga, mvinyo, babu zangu na mapipa yao, yote nje.
Nikasubiri kufukuzwa. Bibi Dorcas akafuta machozi. “Rafiki Orde,” akasema, “miaka mingi sijasikia ukweli kama huu chumbani humu.” Wragg naye akasimama, mwekundu kama pilipili, akakiri kwamba nyanya yake hajawahi kupika uji, wala kufika Darlington. Lakini alikuwa wa pili! Mimi ndiye niliyekalishwa kwenye kiti cha ngozi hadi jioni, nipumzishe roho. Joto! Mto wa kuegemea! Jeremiah wamemtundika msalani, kwa heshima zote.

Jumapili, 11 Machi
Nimetafakari sana. Somo liko wazi kabisa: uongo haulipi. Kinacholipa ni kuungama. Nikiungama kila Jumamosi, kiti kile hakitakuwa cha mwingine.
Shida ni kwamba dhambi zangu zote nimezimaliza kwa mkupuo, bila mpango. Itabidi nitafute nyingine. Wragg huacha viatu vyake vya mvua nje ya ukumbi. Kesho naviiba, ili Jumamosi niguswe.
Ni saizi yangu. Nimeshavijaribu.