Taisto Msukuma Theluji na Beseni la Mchanga

Sogeeni karibu, enyi mlioketi na mliosimama, enyi wenye viatu na wenye soksi tu. Zimeni redio, maana redio haina habari ila za wakubwa, na za wakubwa tumezichoka. Waacheni kwa leo wafalme walioteka miji na majemadari waliovuka mito kwa farasi; hao wana masanamu yao viwanjani, na njiwa wanajua la kuyafanyia. Hapa vinasimuliwa vita vilivyopiganwa katika mji wa Nurmes, mashariki ya Ufini, ghorofa ya pili, mlango wa kushoto, kwa ajili ya dimbwi lisilozidi upana wa kisahani cha kikombe.

Shujaa wake ni Taisto mwana wa Eino, Msukuma Theluji, ambaye jina lake kwa lugha ya kwao maana yake ni Mapigano, na wazazi wake hawakukosea. Huyu ndiye aliyeendesha gari la manispaa la kusukuma theluji tangu ujana hata mvi, akawafungulia njia madaktari na walimu na mameya, nao wakapita na wakamsahau. Darasani hakukaa sana. Barabarani ndiko alikokaa. Na Aune mkewe alipofariki, Taisto alibaki na kinyongo kizito kama mwamba wa ziwani, akakigawa kwa haki: fungu kwa manispaa, fungu kwa mawaziri, fungu kwa kamati ya jengo, na makombo kwa yeyote aliyefunga tai.

Jirani yake wa mlango wa kulia, Raili, aliyekuwa mpishi wa shule na mwenye ulimi kama kisu cha kuparia samaki, ndiye aliyemchokoza.

"Taisto, siku hizi unaongea na friji. Nakusikia ukutani. Tafuta basi kiumbe chenye masikio."

"Friji hainikatizi maneno."

"Ndiyo maana nakwambia tafuta paka. Atakukatiza."

Ikawa Msukuma Theluji akaenda kwenye nyumba ya paka wasio na wenyewe, akarudi na Hilppa, Malkia wa Soksi Nyeupe, Mwenye Mkia kama Brashi ya Chupa. Si kinda, la, bali paka mtu mzima, aliyefiwa na bibi aliyemfuga, akachukuliwa na familia moja, akarudishwa. Jaana, mlezi wa pale, alisema akitazama pembeni: "Mzee, huyu ana… mambo yake ya choo."

"Nani hana?" akasema Taisto, na mapatano yakafungwa.

Jioni ile ya kwanza Hilppa alizunguka vyumba vyote kama mkaguzi, kisha akapanda kitandani, akajilaza juu ya miguu ya yule mzee. Taisto hakuthubutu kuisogeza. Ikamfia ganzi, vidole na visigino, naye akaiacha ife, kwa kuwa ilikuwa muda mrefu uzito wa kitu hai haujakaa juu yake. Hivyo ndivyo alivyotekwa, ingawa yeye alikuita mkataba wa amani.

Lakini amani gani hudumu?

Beseni la mchanga, choo cha paka wa ndani, lilikuwa limesimikwa bafuni, kando ya mashine ya kufulia. Asubuhi Hilppa alikwenda, akalitazama jinsi mwali anavyotazama posa ya mlevi, akageuka. Akapita sebuleni kwa mwendo wa maringo mpaka kwenye pembe ya dirisha, mahali kiliposimama kiti cha kubembea cha Aune juu ya zulia la matambara alilolifuma Aune mwenyewe, kiti ambacho tangu msiba hapana aliyekikalia. Chini ya kiti hicho, mchana kweupe, akatenda haja yake. Kisha akafukia hewa kwa kiganja, kwa adabu kubwa.

Taisto alisimama mlangoni, akanyoosha mkono kama mtu ahutubiaye majeshi.

"Ewe Hilppa! Nimekupa paa, nimekupa samaki, nimekupa mchanga laini kuliko wa ufukweni. Nawe wanilipa dimbwi? Na mahali hapo, katika mahali pote?" Hilppa akajilamba bega. Hapo hasira ya shujaa ikatafuta njia yake ya siku zote. "Ni hawa wa viwandani! Wanatengeneza mchanga wakiwa wamekaa ofisini, paka mwenyewe hawajamwona! Na serikali inawaachia!"

Basi sikilizeni jinsi alivyokwenda vitani. Wahenga wa Ufini waliacha neno moja linalotosha kwa mambo yote ya dunia: sauna, pombe kali, na lami ya msonobari, maradhi yasiyopona kwa hayo matatu, yachimbiwe kaburi. Watu wa kwao hupakaza lami hiyo mashua, huitia katika sabuni, hata peremende, na huvuta harufu yake kama wengine wavutavyo udi. Taisto akalichukua beseni, akalisugua kwa sabuni ya lami mara kwa mara, mpaka likanuka kama mashua mpya.

Hilppa alifika hatua chache tu, pua yake ikakunjamana, akarudi zuliani.

Ndipo Taisto akatoa silaha ya pili. Maana kila mtu wa pale ana sauna yake humo humo nyumbani, kichumba cha mbao cha kuogea mvuke, chenye jiko la mawe, na mtoto hufundishwa mapema kwamba humo anatulia kama kanisani. "Ataheshimu," akasema, akalisogeza beseni saunani, chini ya benchi. Na ajabu, lami ilipopungua makali, Malkia aliheshimu! Siku mbili zulia likakauka. Taisto akatembea ngazini kifua mbele.

Kisha ikaja Jumamosi, na Jumamosi ni Jumamosi. Hata nchi ikivamiwa, sauna huwashwa. Mtu mwingine angelitoa beseni kwanza. Lakini Taisto amelelewa na choo cha nje, cha ubao wenye barafu, alikokuwa akikimbilia gizani meno yakigongana, naye hakuweza kuwazia neema iliyo kuu kuliko choo kilichopashwa moto. Akaliacha lile beseni palepale, iwe zawadi. Mawe yakaiva, maji yakamwagwa, mvuke ukapanda, na ile lami iliyojificha katika plastiki ikaamka kama jini aliyefunguliwa chupa. Hilppa aliingia mara moja tu. Alichokiona humo hakisemeki. Alitoka bila kugusa sakafu.

Ikabaki pombe. Taisto aliimwaga zuliani ili kuua harufu, na kilichobaki chupani kikazikwa kwa heshima zote mahali panapojulikana. Asubuhi kulikuwa na dimbwi jipya.

Ndipo simu ikalia, na ilikuwa Jaana.

"Mzee Taisto, vipi, mnaelewana?"

"Tunaelewana yote, isipokuwa moja."

"Lile lile?"

"Lile lile."

"Usijilaumu. Kuna watu wanaweza, kuna watu hawawezi. Mrudishe tu Jumatatu, nafasi ipo."

Alisema kwa upole, na upole ule ukamchoma Taisto kuliko matusi, maana nafasi yenyewe aliiona: kizimba chenye blanketi la kijivu. Na wakati huohuo, chini ya meza, nafasi nyingine ilikuwa imekaliwa, juu ya miguu yake miwili.

Jioni Raili akagonga, ana sahani ya mikate mitamu ya iliki, akasita kizingitini.

"Mungu wangu, Taisto! Unapaka mashua lami humu ndani?"

"Natibu."

"Unamtibu nani?"

"Paka. Sauna, pombe, lami."

Raili akaweka sahani mezani, akakaa, akacheka mpaka miwani ikamtoka. "Ngoja nielewe. Kiumbe ana pua ya kunusa panya nyuma ya ukuta, wewe ukampaka choo lami. Kavaa koti la manyoya kutwa, wewe ukamchemshia choo. Na pombe?"

"Ilikuwa ya zulia."

"Yote?"

"Zulia halikuimaliza."

"Pole sana, umelisaidia. Na mwenyewe alisemaje?"

"Mwenyewe nani?"

"Hilppa."

"Raili, nani anamuuliza paka?"

"Haya! Hayo ndiyo maneno! Ungefunga tai tu, ungekuwa diwani!" Raili akamnyooshea mkate kama upanga. "Si wewe unayenisimamisha ngazini kila kukicha? Wameondoa kituo cha basi, hawakuniuliza. Wamefunga posta, hawakuniuliza. Wamebadilisha siku ya taka, hawakuniuliza. Haya, niambie, bwana mkubwa: humu ndani serikali ni nani?"

Taisto aliinua kichwa. Akatazama huku na huku akitafuta waziri wa kumlaumu, na hakumwona ila mzee mmoja mwenye sukari kidevuni.

Na hapo lilimjia jambo ambalo hakupenda limjie. Siku za mwisho za Aune, kule wodini, walimwekea kiti cha haja nyuma ya pazia, ukumbini, mikokoteni ya chakula ikipita. Aune akakataa. Wakamwita mkaidi, kwa upole. Hakuwa mkaidi, alitaka mlango, basi. Taisto alijua, lakini naye hapana aliyemuuliza. Na leo, yeye aliyeapa kutowasamehe wale, amemvuta paka yatima wa watu kutoka bafuni hadi tanurini, bila kumuuliza.

"Kwani anaendaga wapi?" Raili akauliza, sasa taratibu.

"Pale."

"Siku zote pale pale?"

"Pale pale."

"Basi ameshajibu zamani. Tena kwa wino wake mwenyewe."

"Pale ni pa Aune," akasema Taisto, na sauti yake haikuwa ya kishujaa.

Raili hakucheka. "Najua. Ndipo penye utulivu, mtu hakujii kwa nyuma, na mlango unauona. Aune naye hakuwa mjinga." Akapangusa miwani. "Ila alikuwa hapendi kiti kikae bure. Mwanamke yule alikuwa anamenya viazi huku anabembea."

Sasa, enyi mnaosikiliza, mmewahi kusikia habari za mtu aliyeng'oa mlango wa ngome kwa mabega yake? Hiyo ilikuwa kazi ya kitoto. Taisto Msukuma Theluji, aliyesukuma milima myeupe bila kupepesa, alishika mikono ya kile kiti cha mbao, akasimama, akaiachia, akaishika tena. Kisha akakiinua. Kikalia kidogo, kwiii, kama kinavyolia siku zote, naye akakibeba kukipitisha mlangoni, akakiweka jikoni, kando ya dirisha, penye viazi. Zulia akalikunja, lingoje kiangazi liende likaoshwe ziwani. Beseni akalisuuza kwa maji ya moto matupu hata lami ikaaga dunia. Akakimbia dukani, akarudi na mchanga mtupu, usionukia waridi wala msitu. Akaviweka sebuleni, pale pale kiliposimama kiti, akapiga goti.

"Ewe Hilppa," akaanza, "mimi, niliyetawala bila kuuliza…"

"Toka hapo!" Raili akamvuta shati. "Wewe ungeweza, ukihutubiwa?"

Wakakaa jikoni, wanatazama ukutani kama watu wasio na habari. Malkia akatoka chini ya kabati. Akapita mlangoni bila kuwatupia jicho, kama balozi anayejua kwamba bendera nyeupe imekwisha pandishwa. Taisto alikuwa na mkate kinywani, hakutafuna.

Krech.

Krech, krech.

Kisha mvua ndogo ikanyesha juu ya mchanga. Hapakuwa na tarumbeta wala ngoma iliyowahi kupigwa katika nchi ile kwa utamu kama huo. Kisha krech tena, ndefu, na safari hii kilichofukiwa hakikuwa hewa.

Taisto alikwenda na kijiko cha matundu, akarudi ameinua juu donge la mchanga, dogo kama kiazi.

"Usinioneshe," akasema Raili.

Alimwonesha. Kisha akampigia Jaana.

"Jumatatu siji."

"Kuna tatizo, mzee?"

"Lilikuwepo. Serikali imeanguka."

Basi na ijulikane, na wachongao masanamu watafute jiwe: mji wa Nurmes, wakati wa theluji kuu, mtawala mmoja alimuuliza mtawaliwa haja yake, akajibiwa, akatii. Vitabu vya nchi nyingi havina habari kama hiyo. Na mshindi, akiisha kunawa mikono, alikaa polepole katika kiti cha mkewe, kikalia kwiii. Na alipokuwa bado anasikiliza mlio huo, uzito ukaja, ukajilaza juu ya miguu yake, ikaanza kufa ganzi.

"Bembea basi," akasema Raili.

"Siwezi," akasema Taisto. "Sijamuuliza."