Udongo wa Gerezani Wapanda Ghorofani

Jumatatu, 6 Juni 1938

"Gitaa la Zahoro halipigwi, linakoroma." Ndivyo alivyosema Sheikhan mpiga udi leo, mbele ya watu, dukani kwa Azzan, mtaa wa Mchafukoge. Uongo! Anayekoroma ni aliyelala. Gitaa langu liko macho kuliko yeye. Hoja imekufa, naendelea.

Naam, linavuma. Sikatai. Ni gitaa la umeme, nimelitengeneza kwa mikono hii kwa sumaku na waya wa simu iliyovunjika, nikaliunganisha na redio ya Azzan. Nikiliacha, vvvvv! Nikigusa nyuzi, kimya. Nikawaeleza waliokuwapo kwamba umeme unamjua bwana wake. Sheikhan akasogea, akagusa kwa kidole kimoja. Kimya. Akauliza, basi na yeye ni bwana? Nikamwambia kwako umenyamaza kwa hofu.

Jumamosi wazee wa chama chetu cha muziki watatusikiliza sisi wawili ukumbini kwa Azzan, ghorofani, juu ya duka: yeye na udi wake, mimi na gitaa. Atakayewapendeza ndiye kiongozi wa wapigaji. Miaka yote hii nimekaa safu ya pili nikitazama kisogo cha Sheikhan. Si kisogo kizuri.

Jumatano, 8 Juni

Nimesoma! Jarida la mafundi wa redio, kurasa chache zimeliwa na mchwa, lakini mchwa hawakula hekima. Mvumo unatoka kwenye nyaya za taa ukutani. Dawa: nyaya za gitaa zivikwe madini.

Madini nimeyapata kwa Azzan. Sanduku la chai limetandikwa ndani karatasi ya madini ya risasi. Nikaibandua yote. Chai ilikuwamo. Azzan akaja juu: chai yake itafanyaje na unyevu wa mji huu? Nikamkumbusha kwamba mwisho wa chai ni maji. Hakucheka. Watu wa biashara hawasomi.

Nikalivika gitaa tumboni. Nikawasha. Kimya kabisa! Nikapiga. Kimya vilevile. Karatasi ilikuwa imegusa waya ambao haikupaswa kuugusa. Kelele hakuna, muziki hakuna: nusu ya kazi imekwisha, tena nusu iliyo ngumu.

Nikaitenganisha kwa kipande cha kanga ya mke wangu, Sitara. Muziki ukarudi. Mvumo nao ukarudi. Sitara akataka kujua kwa nini kanga yake mpya na si shuka langu kuukuu. Maswali ya namna hii ndiyo yanayochelewesha sayansi.

Ijumaa, 10 Juni

Jarida linasema madini peke yake hayatoshi. Lazima waya utoke kwenye madini uende ardhini, kwenye udongo mbichi, umeme wa ovyo ukazikwe huko. Rahisi! Mbele ya duka ni saruji tupu, lakini nyuma, chini ya dirisha la ukumbi, upo ua wenye udongo mzuri.

Azzan akasema hapana. Uani wanakaa wake zake na binti zake. Nikamwambia sishuki mimi, unashuka waya. Akasema: "Waya wa nani?" Nikasema wangu. "Basi waya wa mwanamume hauteremki uani kwangu, Bwana Zahoro. Leo waya, kesho utasema umedondosha kofia." Nikatoa hoja za dini, za sayansi, za ujirani. Akafunga dirisha.

Mtu mwingine angekata tamaa. Mimi nikafikiri. Kama waya haushuki ardhini, ardhi itapanda kwa waya! Nimejaza debe zima la udongo wa uani kwangu, Gerezani. Udongo wa nyumbani, hauna ubishi. Nimeumwagia maji mpaka umeshiba. Nyundo, msumari mrefu, waya. Sijawahi kujivunia debe kiasi hiki.

Jumamosi, 11 Juni

Nimepanda ngazi na debe kichwani mbele ya wazee wote. Mzee Mwinyimvua, mkubwa wao, akauliza kama nimehamia. Nikasema: shikamoo, subiri usikie.

Nilipokuwa nikipiga, kila kitu kilikwenda vizuri sana. Wazee walitikisa vichwa. Hapo ndipo nikaona inafaa kuwaeleza kazi ya debe. Nikainua mikono yote miwili ili hoja iingie vizuri. Vvvvv! Mvumo mkubwa kuliko wa Jumatatu. Nikapaza sauti kuushinda. Nao ukapanda.

Sheikhan akachukua udi. Akakaza uzi mmoja, akalegeza mwingine, mpaka ukalingana na mvumo. Akaanza kupiga juu yake. Ukumbi ukapiga makofi! Nikataka kushika nyuzi. Wote kwa pamoja: "Usiguse!" Sheikhan akasema, "Ndugu yangu, hutubia tu. Mikono juu, hivyo hivyo."

Nikahutubia. Hakuna aliyesikiliza, lakini nilisema mambo mazito.

Mara kelele kutoka chini. Azzan! Debe lilikuwa na tundu. Maji ya Gerezani yalipita kati ya mbao za sakafu yakaingia kwenye sukari yake.

Mzee Mwinyimvua akatangaza: kiongozi ni Sheikhan. Na mimi nitakaa kando yake kila tamasha, gitaa limewashwa, mikono juu.

Jumapili, 12 Juni

Nimechunguza kosa. Limeonekana. Debe lilikuwa moja! Mambo makubwa hayazikwi katika debe moja. Sitara akasema pengine udongo uliobebwa ghorofani si ardhi tena. Nimemsamehe. Nimekwisha kujaza la pili na la tatu, na Magomeni nimeahidiwa la nne, la udongo mweusi.

Ninyi wazee wa chama, na wewe Mzee Mwinyimvua kwa jina lako: futeni uamuzi wenu wa jana. Mkutane tena, ghorofani palepale, mnisikilize na madebe manne. Tena mje mapema, wenye nguvu mnisaidie kuyapandisha.